Karata za Mama Mkwe

Jumamosi ile Kidoti aliamka akiwa ameamua jambo moja: hatamtazama Fundi Saa usoni. Atatazama karata zake, atatazama maharage, atatazama kile kitambaa cha plastiki cha mezani chenye picha za matunda, lakini uso wa yule mwanaume basi tena. Wiki iliyopita aliutazama mara moja tu, kwa muda wa kumeza mate, na siku saba zilizofuata hakupata usingizi wa maana.

Shida ni kwamba meza yenyewe ilikuwa ya watu wanne, na kiti cha Fundi Saa kilielekeana na chake.

Nyumba ilikuwa ya mama mkwe. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, maana alifundisha hesabu miaka thelathini na tatu, na nusu ya watu wazima wa mtaa ule walishawahi kulia mbele ya ubao wake kwa sababu ya desimali. Kidoti, aliyepewa jina hilo na bibi yake kwa ajili ya alama ndogo nyeusi chini ya jicho la kushoto, aliingia humo miezi kumi na minne iliyopita, na begi moja na pete ya uchumba. Mchumba wake alikuwa fundi mitambo wa meli za mizigo. Alisaini mkataba wa miaka miwili akaondoka, na haukupita muda Mwalimu akateleza bafuni akavunjika nyonga. Kidoti akaacha kazi yake ya kukata vioo vya miwani kwa daktari wa macho, akaenda kumuuguza mama wa mtu ambaye hajamuoa bado.

"Ni kwako huko," mama yake mzazi alimwambia. "Unatangulia tu. Mkwe kama yule utampata wapi?"

Nyonga ikapona, ikaacha mkongojo. Kidoti hakuondoka. Angeondoka vipi? Kila alipogusia habari ya kurudi kazini, Mwalimu alimwambia kwamba mchumba wake yuko njiani, na mama yake alimwambia avumilie, mvumilivu hula mbivu. Asubuhi alimfunga Mwalimu viatu. Mchana alipika. Jioni alifunga madirisha moja baada ya jingine, akisikiliza watu wakipita nje na kucheka. Akienda sokoni, alihesabiwa dakika. Watu wa mtaani walimwita mke wa baharia, na hakuwa mke, na baharia mwenyewe sura yake ilikuwa imeanza kumtoka akilini, mpaka wakati mwingine aliitafuta kwenye picha ya sebuleni ili aikumbuke.

Zamani mchumba wake alikuwa akimtumia ujumbe kila meli ilipotia nanga. Sasa miezi mitano ilikuwa kimya.

"Simu yake ilianguka majini, mwanangu," Mwalimu alimweleza. "Siku hizi ananipigia hii ya mezani. Bahati mbaya kila akipiga, wewe uko sokoni."

Poka iliingia maishani mwake kwa sababu ya kiti kitupu. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Mwalimu alicheza na wenzake watatu, na dau lao lilikuwa maharage makavu, kila mtu bakuli moja, wala senti haikuguswa mezani. Mmoja wa wale wanne akahamia kwa binti yake mji mwingine. Wakabaki Mwalimu, Nesi mstaafu wa nyumba ya pili, na Fundi Saa, mwenye kibanda chake pale kwenye kona, aliyesoma darasa moja na mchumba wa Kidoti na kufundishwa na Mwalimu huyo huyo.

"Watatu hainogi," Mwalimu aliamua. "Fundi, mfundishe shemeji yako. Mimi nilishafundisha watoto wa watu nikamaliza uvumilivu wote."

Basi Fundi Saa akavuta kiti ubavuni mwa Kidoti. Alikuwa mtu mrefu mwenye vidole vyembamba, na kuzunguka jicho lake la kulia palikuwa na duara hafifu, alama ya lenzi anayoibana hapo kutwa akitazama matumbo ya saa.

"Unapewa karata mbili, shemeji," alisema. "Hizo ni siri yako. Hata mimi usinionyeshe."

"Na za katikati?"

"Tano, za wote. Zinafunuliwa tatu kwanza, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Wewe unachagua tano bora katika hizo saba. Kila zinapofunuliwa, mtu anaweka dau, au anafuata la mwenzake, au anaongeza, au anatupa karata zake na kujitoa."

"Kipi kinashinda kipi?"

"Jozi moja inashindwa na jozi mbili. Jozi mbili zinashindwa na tatu zinazofanana. Tatu zinashindwa na mfuatano, mfano tano, sita, saba, nane, tisa. Mfuatano unashindwa na tano za ua moja, kopa tupu au shupaza tupu. Hayo mengine utayajua yakikukuta."

"Na kama sina kitu kabisa?"

"Una njia mbili. Unajitoa, au unapiga mkwara. Unasukuma maharage kama mtu mwenye wafalme wawili, mwenzako anaogopa, anakuachia."

"Huo si uongo?"

Nesi aliyekuwa anachanganya karata alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Uongo uko kwenye ndoa, binti yangu. Hapa ni mchezo."

Kidoti naye akacheka, na alishtuka kusikia sauti yake ikicheka ndani ya nyumba ile. Alipogeuka, Fundi Saa alikuwa anamtazama, jicho moja limekunjwa kidogo.

"Lenzi yako ina mkwaruzo," Kidoti alimwambia.

"Umejuaje? Hujawahi kuiona."

"Unakunja jicho hata ukiwa hujaivaa. Umezoea kukwepa mkwaruzo. Ilete, nitakung'arishia."

Akaileta Jumamosi ya pili, imefungwa kwenye kitambaa. Kidoti akaing'arisha kwenye meza ya jikoni, kwa mikono iliyokuwa imesahau kwamba inajua kazi nyingine zaidi ya kuosha sufuria. Alipomrudishia, Fundi Saa aliiweka jichoni, akatazama dirishani, kisha akamgeukia yeye. "Naona," alisema, basi. Neno moja. Lakini Kidoti alikaa nalo wiki nzima kama mtu aliyefichiwa kitu mfukoni.

Alijifunza haraka. Alijifunza kwamba ree na mfalme mkononi si ushindi mpaka meza ikubali, na kwamba anayejitoa mapema bado ana maharage ya raundi ijayo. Nesi ndiye aliyemfunza lililo kubwa kuliko yote, siku alipomkuta amezikodolea macho karata zake kana kwamba zitabadilika. "Karata hazikimbii," alimwambia. "Tazama watu."

Akatazama watu. Nesi akipata karata nzuri alianza kuimba puani. Fundi Saa hakusomeka, ila pale tu Kidoti alipoingia na trei ya chai; hapo hata kipofu angemsoma.

Na Jumamosi iliyopita, ile ya kumnyima usingizi, bakuli la Kidoti lilipinduka. Maharage yakatawanyika sakafuni. Akainama kuokota, Fundi Saa naye akainama upande wa pili, wakakutana chini ya meza, nyuso karibu, pumzi karibu.

"Ningekuwa si rafiki yake," Fundi Saa alinong'ona, "ningesema neno."

"Usiseme," Kidoti alimjibu, machozi yamemlenga. "Tafadhali. Nina pete ya mtu."

Waliposimama, Mwalimu alikuwa anafuta miwani yake polepole sana.

Ndiyo maana leo Kidoti aliapa. Akapanga viti, akahesabu maharage hamsini hamsini kwenye mabakuli, akakaa na macho yake kwenye picha ya nanasi. Fundi Saa alipoingia na kusema, "Shikamoo Mwalimu, shikamoo Nesi. Habari za leo, shemeji," alilijibu nanasi.

"Kabla hatujaanza," Mwalimu alisema, akagonga meza kwa kidole kama darasani. Akamgeukia Kidoti, akamshika mkono. "Mwanangu, nina habari njema. Mwenzako amepiga. Anakuja mwisho wa mwezi huu, na amesema hataki kungoja tena. Tarehe ishapangwa. Mnafunga ndoa wiki inayofuata."

Fundi Saa aliinua macho kwenye saa ya ukutani, aliyoitengeneza mwenyewe.

"Hongera, shemeji," alisema. Sauti yake ilikuwa nyoofu kama rula.

"Asante," Kidoti alisema.

Alijiona akifunga yale madirisha, jioni baada ya jioni, mwaka baada ya mwaka, na mwanaume asiyemkumbuka akilala chumba cha pili. Na lililomuuma kuliko yote ni kwamba wote walikuwa wema: Mwalimu aliyemshika mkono, mama yake ambaye angepiga vigelegele kwenye simu, hata huyu aliyempa hongera. Hapakuwa na mtu wa kumchukia ila yeye mwenyewe, aliyevaa pete ya huyu na kumuota yule.

Nesi hakutoa hongera. Alizichanganya karata mara tatu, nne, tano.

"Zimechanganyika hizo," Mwalimu alisema. "Gawa."

Wakacheza. Fundi Saa alitupa karata zake bila hata kuziangalia, raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nesi hakuimba. Raundi ya nne Kidoti alifunua pembe za karata zake akaona nane ya kopa na nane ya uru. Jozi ndogo, si ya kujivunia. Akaweka maharage manne. Fundi Saa akajitoa, Nesi akajitoa. Mwalimu akafuata.

Tatu za kwanza zikafunuliwa: malkia wa shupaza, tano ya pau, mbili ya kopa. Mwalimu akaweka kumi. Kidoti akafuata. Ya nne ikawa mfalme wa shupaza. Mwalimu akaweka kumi tena, Kidoti akafuata tena, kwa ubishi zaidi kuliko akili. Ya tano ikawa tatu ya shupaza. Shupaza tatu mezani, na mfalme, na malkia. Mtu mwenye shupaza mbili mkononi alikuwa amemmaliza. Mtu mwenye mfalme mmoja tu alikuwa amemmaliza pia.

Mwalimu aliinua bakuli lake, akamwaga yote katikati. "Zote."

Kidoti alitazama nane zake mbili.

"Jitoe, mwanangu," Mwalimu alisema kwa upole. "Hifadhi maharage yako. Mimi sipendi kukuumiza."

Kidoti alikuwa ameshaanza kuzitupa. Vidole vikasimama.

Mwanangu.

Kutwa kucha Mwalimu alimwita Kidoti, au wewe binti, au "uko wapi wewe?" Alikuwa na mdomo mkavu, ndivyo alivyoumbwa, na Kidoti alishauzoea. Akiwa na karata nzuri alikuwa mkali zaidi: "Weka, usitucheleweshe!" Lakini Jumamosi sita hizi, mara moja moja, sauti ile ilikuwa ikilainika ghafla kama mkate uliolowekwa kwenye chai, na neno mwanangu likatoka, na kila lilipotoka, karata zilipofunuliwa zilikuwa takataka.

"Nafuata," Kidoti alisema, akamwaga bakuli lake.

Mwalimu hakufunua. Nesi akanyoosha mkono akamfunulia: tisa na sita, hata ua hazikufanana. Hazikuwa na undugu na chochote mezani.

"Umenishinda," Mwalimu alisema. "Kwa jozi ya nane! Nani angethubutu?"

Kidoti hakuyavuta maharage. Mwanangu, simu yake ilianguka majini. Mwanangu, nina habari njema.

"Mama," alisema, "alipiga lini?"

"Nani?"

"Mwenzangu. Kusema anakuja."

"Juzi mchana. Ulikuwa sokoni, mwanangu."

"Juzi sikwenda sokoni. Juzi nilikuwa nashona mapazia hapa sebuleni, simu iko hatua tatu. Haikulia."

"Basi ilikuwa jana."

"Mama."

Mwalimu akaanza kuzikusanya karata, akazinyoosha, akazigonga mezani zilingane. Zilikuwa zimelingana tangu mwanzo.

"Mwambie," Nesi alisema.

"Wewe nyamaza."

"Nimenyamaza miezi mitano, na kila nikiingia humu najiona mwizi. Mwambie leo, dada, au mimi kwenye meza hii sikanyagi tena."

Fundi Saa alikuwa amesimama. "Kumwambia nini?"

Mwalimu alivua miwani. Bila miwani uso wake ulionekana mdogo, uso wa bibi kizee yeyote anayevushwa barabara.

"Ameoa," alisema. "Huko meli yao inakopakia. Alinipigia kunieleza, tena alitaka akwambie mwenyewe. Nikamkataza. Nikamwambia usimtumie ujumbe, usimpigie, nitamweleza mimi, mwanamke anajua kumweleza mwanamke. Sasa mkewe anakaribia kujifungua."

"Miezi mitano," Kidoti alisema.

"Kila siku nilisema kesho."

"Na ndoa ya mwisho wa mwezi? Ungenifungisha na nani, mama? Na picha?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Niliwaona Jumamosi iliyopita. Sikusikia mlichosema, lakini niliwaona mliposimama. Nikajua unaondoka. Nikasema nikimwambia tarehe, huyu kijana atakaa mbali, ana adabu zake. Halafu tarehe ningeisogeza. Ningesema meli imechelewa." Akavitazama viatu vyake. "Asubuhi ukinifunga viatu, unanieleza ndoto zako. Umeshawahi kuona? Kila asubuhi unaongea na viatu vyangu. Miaka tisa tangu mume wangu afe, hakuna mtu aliyeongea ndani ya nyumba hii asubuhi."

Ingekuwa rahisi kama angemtukana. Kidoti alisimama, akashika meza. Maneno yalimtoka polepole, kila moja limebeba mzigo wake.

"Mimi nilijiona malaya, mama. Nakwambia kweli. Nilikuwa nalala nimejifunika gubigubi nikimwomba Mungu anitoe huyu mtu moyoni, kwa sababu nina mchumba baharini anateseka kwa ajili yangu. Nilikuwa nikimpa chai natazama nanasi la kitambaani. Na wewe ulikuwa unaniona. Ulikuwa unaniona nikijichoma, na maji unayo."

"Nisamehe."

"Sijui kama naweza. Leo siwezi."

Akavua pete. Haikutoka kirahisi, vidole vilikuwa vimenenepa kwa maji ya kufulia. Aliizungusha, akaivuta, ngozi ikachubuka, ikatoka. Akaiweka juu ya maharage.

Alipofika mlango wa chumbani alisikia hatua nyuma yake.

"Kidoti."

Alisimama. Wiki sita alikuwa shemeji, kila sentensi imewekewa shemeji kama komeo. Hakuwahi kujua jina lake lina ladha gani kinywani mwa mtu huyu.

"Mimi sikujua," Fundi Saa alisema. "Naapa. Ningejua, nisingekaa kimya hata dakika moja."

"Najua."

"Basi sasa naruhusiwa kusema lile neno?"

Kidoti aligeuka. Akamtazama, safari hii bila kuhesabu muda: lile duara kuzunguka jicho, ile midomo inayojizuia, mikono inayotengeneza vitu vidogo visivyoonekana na sasa haijui iende wapi. Mwili wake wote ulitaka kupiga zile hatua tatu zilizowatenganisha.

"Hapana," alisema. "Usiseme hapa. Nikilisikia hapa nitatoka nyumba hii nikaingie yako leo leo, kama begi linalopokewa mkono kwa mkono. Nilitoka kwa mama nikaletwa huku. Sikuja, nililetwa. Safari hii nataka nitembee kwa miguu yangu. Naenda kwa mama."

"Mama yako ataniona mimi ndiye niliyeuvunja uchumba. Rafiki aliyemzunguka rafiki."

"Ataona hivyo. Utakuja?"

"Hata akinifukuza."

"Atakufukuza."

"Nitarudi. Mimi kazi yangu ni saa," Fundi Saa alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Kungoja ninakujua."

Nguo zake ziliingia kwenye begi lile lile moja. Alipotoka nalo, akitarajia kukuta sebule tupu, alimkuta Mwalimu amesimama mlangoni, kajifunga kitambaa kichwani, mkongojo mkono mmoja, mkoba mkono mwingine. Viatu alikuwa amevivaa mwenyewe. Kamba zilikuwa zimefungwa ovyo, mafundo juu ya mafundo.

"Nakusindikiza," alisema.

"Sihitaji."

"Ukifika peke yako na begi, mama yako atakuuliza umemkosea nini mkweo. Hatakuamini, ananiamini mimi. Nimemdanganya vizuri mno. Nitamwambia kwa mdomo wangu."

"Ni safari ya saa mbili. Nyonga yako."

"Nyonga ni yangu."

Nesi akawapeleka kituoni. Basi la saa kumi lilikuwa na ngazi ndefu, na kondakta alimwinua Mwalimu kwa makwapa kama gunia, naye, mwanamke aliyewatisha watu kwa desimali, akakubali bila neno. Walikaa kiti kimoja. Kidoti alilia akitazama dirishani, akanyamaza, akalia tena. Mara moja basi liliruka shimo, Mwalimu akaguna kwa maumivu, na mkono wa Kidoti ukaenda kumshika kabla hajaukataza. Akauacha pale mpaka barabara ilipokuwa nzuri, kisha akaurudisha.

Mama yake alifungua mlango akiwa na mwiko mkononi. Alipoona ni nani, uso ulimchanua.

"Jamani! Mkwe mwenyewe kwa miguu yake! Tarehe imepatikana, siyo? Ingieni, ingieni, nyumba haijafagiliwa..."

"Mwenzangu," Mwalimu alisema, "usinikaribishe bado. Nisikilize kwanza nikiwa hapa nje."

Akamweleza, amesimama kwenye kizingiti, ameegemea mkongojo. Hakuacha kitu. Alisema habari ya mke wa huko, ya simu isiyoanguka majini, ya tarehe ya uongo. Alisema mtoto wako hakufanya kosa lolote, amenifunga viatu mwaka mzima. Jirani mmoja alitoka kumwaga maji akakaa pale pale na beseni lake. Mwalimu aliona anasikilizwa, akaendelea kwa sauti ile ile.

Mama yake Kidoti alisikiliza mpaka mwisho. Mwiko ulikuwa unadondosha mchuzi sakafuni. Kidoti alingoja aambiwe avumilie. Alingoja aulizwe watu watasemaje, na pete iko wapi, na yeye alifanya nini mpaka yakamfika haya.

"Mpe kiti," mama yake alisema kwanza. "Ni mgonjwa huyu. Nitagombana naye akiwa amekaa."

Kisha akamshika Kidoti mashavu kwa mikono miwili, mwiko na yote, akamtazama kama anayemtafuta mtu aliyepotea kwenye umati.

"Umekonda," alisema. "Mimi kutwa nakwambia vumilia, na wala sikukuuliza. Mwanangu, wewe unataka nini?"

Miezi kumi na minne hakuna aliyemuuliza hilo.

"Nataka kurudi kwenye vioo vyangu," Kidoti alisema. "Keshokutwa naenda kumwona daktari wa macho. Na kuna mtu atakuja hapa. Ni rafiki wa yule yule, mama, nakwambia mapema, na utamkasirikia sana." Akavuta pumzi. "Mkasirikie. Lakini akibisha hodi, mfungulie mlango."